Barua ya Tarehe Kumi

Alhamisi ya tarehe kumi na moja nilitia saini ripoti ya ukaguzi yenye kurasa sitini na nane, nikaishusha masjala kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa imenila miezi mitano, na sikuona sababu ya kumkabidhi mtu mwingine hata kwa ngazi mbili.

Mama wa masjala alilowesha kidole kwenye sifongo, akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akaitazama saini yangu kama mtu anayechagua nyanya.

"Kifungu, umemaliza," alisema. "Sasa utalala."

"Nitalala nikistaafu."

"Bado miezi mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi usitufie kabla. Mchango wa msiba na mchango wa kukuaga ndani ya mwaka mmoja hatuiwezi."

Akagonga mhuri wa tarehe, akaandika namba ya jalada, akanipa kikaratasi cha kupokelea. Nilikikunja nikakitia mfuko wa shati. Nilipopanda ngazi kurudi ofisini nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Ripoti ilihusu benki iliyo kwenye barabara ile ile ya ofisi yetu ya Mamlaka ya kusimamia mabenki, upande wa pili, mwendo wa dakika tatu kwa miguu. Ilikuwa benki inayopendwa. Ilifungua vidirisha masokoni na kwenye vituo vya mabasi, ikawafuata mafundi, wauguzi na wachuuzi pale walipo, ikapokea akiba zao ndogo ndogo kwa tabasamu. Tulichokikuta ndani ni kwamba wakurugenzi wake walikuwa wanajikopesha akiba hizo wenyewe, kupitia kampuni zisizo na mfanyakazi hata mmoja. Moja ilikuwa na anwani ya duka la rangi. Nilikwenda hadi dukani. Muuzaji aliniambia kampuni hiyo anaijua vizuri sana, maana barua zake huletwa kwake, na yeye huzifunikia makopo yaliyokwisha kufunguliwa.

Kurasa zote zile zilibeba sentensi moja tu, iliyokuwa ukurasa wa sitini na moja: benki isimamishwe kupokea akiba mpya mpaka mikopo ya wakurugenzi irudishwe. Sentensi hiyo ikifika kwenye Bodi na saini ya mkaguzi chini yake, Bodi hulazimika kuchukua hatua ndani ya siku saba. Isipofika, benki ingeendelea kupokea, na wakurugenzi wangeendelea kuchota.

Ijumaa jioni nilirudi nyumbani nikakuta meza imetandikwa kitambaa. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la kutokea. Binti yetu, kitinda mimba, alikuwa amekaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hulifanya akiwa na habari.

Binti huyu alikuwa amemaliza shahada ya sheria miaka miwili kabla, na tangu hapo alikuwa nyumbani. Aliwafundisha watoto wa majirani hesabu barazani, na akatuma maombi ya kazi thelathini na manne. Idadi naijua kwa sababu aliyaandika kwenye daftari, mstari mmoja mmoja, pamoja na tarehe na jibu. Tabia hiyo kaitoa kwangu.

"Baba, kaa," alisema. "Leo mwenyekiti wa kikao ni mimi."

"Ajenda?"

"Moja tu." Akanisukumia bahasha.

Mtu mwingine angetafuta mshahara kwanza. Mimi kwa miaka thelathini na mmoja nimezoea kuanzia juu kulia, palipo na tarehe. Ilikuwa tarehe kumi. Ndipo macho yakahamia kwenye nembo, nikaona ni benki ile ile.

"Umeipata lini?" niliuliza.

"Leo saa nne. Walinipigia simu, nikaenda, nikatia saini pale pale. Naanza Jumatatu, idara ya uzingatiaji wa sheria. Mbona huangalii mshahara?"

"Tarehe inasema juzi."

"Jamani, baba. Barua ikichelewa siku mbili nayo ni kosa?"

"Mwache apumue," mke wangu alisema. "Huyu hata cheti cha ndoa alikikagua mara mbili kabla ya kutia saini."

"Na nilikuta kosa," nilisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Walicheka. Binti akaeleza jinsi alivyoliona tangazo gazetini, jinsi alivyofanya mtihani pamoja na watu mia mbili, jinsi alivyohojiwa na watu watano. Alitunyima habari mapema, alisema, kwa sababu alitaka kazi ambayo hakuna mtu angesema kaipata kwa mgongo wa baba. Kwenye fomu alitumia jina la babu yake mzaa mama. Aliyasema haya akinitazama usoni, akisubiri nijivune. Na kweli nilijivuna, ila macho yangu yalirudi kwenye tarehe.

"Nani alikuhoji maswali magumu?"

"Mkuu wa idara yenyewe, mzee mmoja wa sauti ya upole. Mwishoni akaniuliza kama baba yangu ni mkaguzi wa Mamlaka. Sikutaka kudanganya, nikasema ndiyo. Akasema basi hatanipendelea wala kunionea."

Nilimjua kabla hajamaliza kusema. Nilikula chakula chote kilichokuwa kwenye sahani, na sikumbuki kilikuwa nini.

Jumamosi nilikaa chumba cha nyuma na kitabu cha Kanuni za Mamlaka. Sikuwa na haja ya kukisoma. Sehemu niliyoitaka niliiandika mwenyewe.

Miaka kumi na miwili nyuma, mkaguzi mmoja aliisifu sana benki fulani katika ripoti yake, kisha ikagundulika kwamba shemeji yake ana cheo kikubwa pale. Alipoulizwa alisema hakujua. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba alijua, akaachwa. Mkurugenzi wetu wakati huo alikuwa mtu aliyetufundisha kazi sote, na mpaka leo tunamwita Mwalimu. Alinipa kazi ya kuandika kanuni ya kuzuia mambo ya namna ile. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya jioni na nilitaka watu waone. Nikaandika kifungu cha kumi na nne. Mkaguzi ambaye ndugu yake ameajiriwa na benki anayoikagua ataeleza hivyo siku ya kwanza ya kazi na kujiondoa kwenye jalada. Ripoti yoyote aliyoitia saini tangu tarehe ya barua ya ajira itakuwa batili pamoja na viambatisho vyake, hata kama ndugu huyo ataacha kazi baadaye. Mkaguzi hatazungumza wala kuandika tena juu ya jalada hilo. Jalada litakwenda kwa Naibu Mkurugenzi, naye atapanga ukaguzi upya.

Mwalimu alitaka tuandike "tangu siku alipojua". Nilikataa. Nilimwambia moyo wa mtu hatuwezi kuukagua, lakini tarehe tunaweza. Alicheka, akanipigia makofi mbele ya idara nzima, na tangu siku hiyo naitwa Kifungu. Wafanyakazi wapya hudhani ni jina nililopewa na wazazi.

Barua ilikuwa ya tarehe kumi na saini yangu ya kumi na moja, kwa hiyo kifungu kilinishika. Kosa lilikuwa mahali pengine, na Jumamosi ile ndipo nililiona. Tulipoandika neno "Naibu", sisi wawili tulikuwa tunamfikiria mama mmoja aliyeshika cheo hicho wakati ule, mtu ambaye hakuwahi kupokea hata kalenda ya benki. Tuliandika kanuni ya kiti huku tunamtazama aliyekikalia. Mama yule alistaafu zamani. Naibu wa sasa alikuwa pia anakaimu ukurugenzi, maana kiti cha mkurugenzi kilikuwa na miezi tisa hakina mtu. Na tangu mwezi uliopita alikuwa amehamishia nyumbani picha za watoto wake na kikombe chake cha chai. Mama wa masjala aliniambia ameuliza kwa watu wa utumishi siku zake za likizo zilizobaki zinalipwaje. Kwenye vikao alikuwa ameanza kuwaita watu wa benki ile "wenzetu". Mimi ni mkaguzi. Nikiona vitu vitatu vya namna hiyo kwenye vitabu vya mtu, siulizi anakwenda wapi, nauliza lini.

Mke wangu aliniletea chai.

"Umekaa na hicho kitabu tangu asubuhi. Mtoto anadhani umechukia."

"Sijachukia. Kazini kwetu kuna taratibu. Lazima nieleze kwamba yuko pale."

"Basi eleza. Kwani kaiba?"

"Nikieleza kuna kazi yangu itaharibika."

"Kazi gani?"

Kiapo cha siri nilichokula hakimtambui mke. Kwa miaka yote hii hajawahi kujua niko benki gani mwezi gani. Huona tu kama viatu vyangu vimerudi na vumbi au la.

"Haya, usiseme," alisema. "Mimi nina langu. Jana mchana tulikutana kikundi chetu. Tukaona, kwa vile mtoto wetu anaingia benki ile, akiba yetu tuihamishie huko. Riba yao nzuri, na kidirisha kiko hapo njia panda. Wenzangu wamefurahi kwamba tuna mtu ndani."

Kikundi chao kina wanawake ishirini na wawili. Wameweka kwa miaka tisa ili wanunue kiwanja wajenge vyumba vya kupangisha.

"Lini?" niliuliza.

"Jumanne."

Nilitaka kumwambia neno moja tu, msiharakishe. Lakini neno hilo, likitoka mdomoni mwangu, ni ripoti nzima. Na lingefika kwa wanawake ishirini na wawili kabla ya jua kuchwa, na kwa waume zao kesho yake. Niliinua kikombe nikanywa chai ikiwa bado ya moto, ikaniunguza ulimi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwa Mwalimu; ndiye yule mzee wa sauti ya upole, mkuu wa idara huko benki. Sikupaswa kwenda. Mkaguzi hamtembelei mtu wa benki akiwa na jalada lake mezani, na hilo nalo alinifundisha yeye. Mke wake alinipokea getini kwa furaha. "Shemeji, umetutupa," alisema, akanipeleka barazani.

Mwalimu alikuwa amevaa kandambili na fulana nyeupe. Alionekana mdogo kuliko siku alipostaafu.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ila nilidhani jana."

"Jana nilikuwa nasoma."

"Kumi na nne." Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka wimbo. "Hakina neno la kuongeza wala la kupunguza."

"Niambie kitu kimoja. Binti yangu aliipata kazi, au ulimpa?"

"Usimvunjie mtoto heshima. Alikuwa wa pili kati ya mia mbili, na tulitaka watatu. Ningemkataa ningekuwa namwonea kwa ajili yako." Alinimiminia chai. "Kazi ni yake. Tarehe ndiyo yangu."

Alilisema hivyo tu, kama anayenionyesha mahali alipopanda mchicha.

"Umeijuaje siku yangu ya kutia saini?"

"Naibu wenu akiwa na furaha huongea."

"Mwalimu, ile mikopo umeiona. Wewe ndiye uliyetufundisha kuitafuta."

"Nimeiona. Nimewaambia waanze kuirudisha kidogo kidogo. Ukiifungia benki ghafla watu wataingiwa na hofu, wote watakimbilia milangoni, na wote watakosa. Nipe mwaka mmoja."

"Na wanaoweka akiba kesho, nao wakupe mwaka?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Unajua Mamlaka walinipa nini siku ya kuniaga?" alisema. "Saa ya ukutani. Mafao yalichelewa miezi kumi na minne. Shemeji yako alipolazwa nilikopa kwa wadogo zake, mimi, niliyefunga mabenki manne. Kisha watu hawa wakaja na gari. Kanuni ilitaka nikae kando miezi sita kabla ya kuajiriwa nao. Nilikaa. Kwa miezi sita waliniita mshauri, kwenye chumba kile kile, meza ile ile." Akacheka kidogo. "Kanuni ile niliiandika mimi, ndiyo maana inavuja. Yako haivuji hata tone."

"Nikinyamaza? Ripoti iende Bodi hivyo ilivyo?"

"Bodi itatuletea nakala tuijibu. Nami nitalazimika kujibu kwa kuambatanisha barua ya ajira. Ripoti itakufa, na wewe utakuwa mkaguzi aliyeficha mtoto wake, miezi kumi na mmoja kabla ya mafao. Na yeye kila atakapokwenda kuomba kazi atakuwa yule mtoto aliyefichwa." Aliweka mkono begani kwangu. "Usinifikishe kwenye kuandika barua hiyo. Naipenda familia yako."

Alimaanisha. Aliponisindikiza getini aliniambia kwamba nikistaafu kuna kiti kinaningoja, kufundisha vijana wa benki namna ya kujibu wakaguzi. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimuaga mke wake na kuondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilijaza fomu ya tamko la maslahi kwa herufi kubwa, nikaipeleka kwa Naibu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mzee wangu," alisema, "ndiyo maana vijana nawaambia kila siku, uadilifu mkautazame kwa Kifungu."

Kisha akafungua droo akatoa waraka wa kuhamisha jalada, umeshachapwa, una jina langu na jina la binti yangu. Nafasi ya saini tu ndiyo ilikuwa wazi.

"Umeuandaa lini huu?" niliuliza.

"Ofisi lazima ijiandae kwa lolote."

"Ukaguzi wa upya utaanza lini?"

"Ratiba imejaa, unaijua. Tuseme mwakani, robo ya mwisho."

"Mwakani robo ya mwisho sitakuwepo."

"Hata mimi huenda nisiwepo," alisema, na akageuka kutazama dirishani, upande wa barabara.

Nilitia saini. Sikuwa na namna. Nilipitisha kichwani kila neno la kifungu nikitafuta mwanya ambao labda niliusahau, na kila nilipopapasa nilikutana na ukuta nilioujenga mwenyewe, umenyooka, umepigwa lipu. Nisingeweza kuiandikia Bodi, wala kumpa mkaguzi mwingine karatasi zangu za kazi. Hizo ni viambatisho.

Utaratibu unataka ripoti batili igongwe mhuri ukurasa kwa ukurasa mbele ya aliyeitia saini. Nilikaa kwenye kigoda cha masjala, na mama wa masjala akaanza. Mara hii hakutania. Mhuri ulikuwa mzito na alipumzika kila baada ya kurasa kumi. Alipofika wa sitini na moja mkono ulibaki juu. Aliusoma mstari ule, akaurudia.

"Mshahara wangu unapitia hapo," alisema taratibu. "Na wa mume wangu."

"Hujasoma kitu," nilimwambia.

"Sijasoma kitu," alisema, na akagonga.

Jioni ile binti alirudi na kadi ya kitambulisho shingoni. Alikaa mezani nayo, na mama yake hakumwambia aivue. Alitusimulia juu ya viti vinavyozunguka, kompyuta yenye vioo viwili, na mwenzake mmoja aliyelala kwenye mafunzo ya kuwakaribisha.

"Wametupa na mkataba wa mafunzo," alisema. "Miaka miwili. Ukiondoka kabla unawarudishia gharama zote, kama mshahara wa miezi minane."

"Umetia saini?" niliuliza.

"Wote tumetia. Huingii mafunzoni bila hiyo."

Mke wangu alikuwa na haraka ya lake. "Kesho saa tatu tunakwenda na mweka hazina. Baba watoto, wewe ndiye mjuzi. Benki hii ni nzuri?"

Swali hili ameniuliza mara nyingi juu ya mabenki mbalimbali, na jibu langu ni lile lile miaka yote: sijui, sijawahi kufika huko. Huwa nalitoa hata kwa benki nilizofika, mara nyingine kwa mzaha, na wao hulisema pamoja nami kunikejeli. Jumatatu ile nilifungua kinywa kulitoa, likagoma. Nikilisema, wanawake ishirini na wawili wangejipanga kidirishani kesho yake kwa kauli yangu. Nikasogeza bilauri ya maji. Nikanywa, nikairudisha mezani, nikaipanga sawasawa na ukingo wa kitambaa.

Binti aliacha kutafuna. Alikuwa akilisubiri lile jibu, midomo ikiwa tayari kulisema nami. Alinitazama mikono, kisha uso. Uso wake ulibadilika kidogo sana. Kama si baba yake nisingeuona.

"Mama," alisema, "msiende kesho."

"Kwa nini tena?"

"Ndugu wa wafanyakazi wana riba yao maalumu, lakini mpaka mfanyakazi atimize miezi sita. Mkienda sasa mtaandikwa kama watu wa kawaida, na hairekebishwi."

"Wamekuambia hivyo?"

"Leo, kwenye mafunzo."

Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kusikia kwake, na ulitoka laini, bila kukwaruza. Mama yake alinung'unika kwamba ameshawatangazia watu, atawaambia nini. "Waambie mimi ndiye niliyesema," binti alijibu. "Mtu wenu wa ndani."

Baadaye tulibaki wawili jikoni. Yeye alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta.

"Sijakuuliza kitu," alisema.

"Wala sijakujibu."

"Ile miezi sita nimeitunga. Ikiisha nitatunga nini?"

Alisugua sufuria mahali palipokwisha takata.

"Kuna kazi imekuharibikia. Mama kaniambia. Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu ya tarehe," nilisema, na hilo lilikuwa tayari neno moja zaidi ya niliyoruhusiwa.

"Nikiacha kazi kesho?"

"Haibadilishi kitu."

"Hata nikiandika barua kwamba sikuwahi kuanza?"

"Hata hivyo."

"Sheria gani ya namna hiyo," alisema. "Nani aliiandika?"

"Mimi."

Alizima bomba. Nilidhani atakasirika, na ningeshukuru. Alinipokonya kitambaa, akafuta mikono, akakikunja mara nne kama mama yake anavyokikunja, akakitundika.

"Basi nifundishe, baba," alisema. "Miaka miwili ni mingi. Nifundishe kukaa mahali unajua kitu na husemi. Wewe umeweza thelathini na mmoja."

"Mimi nilikuwa nasema. Nilikuwa naandika, na ilikuwa inafika."

"Na sasa?"

Mama yake aliita kutoka sebuleni kuuliza tunanong'ona nini. Binti alijibu kwamba tunazungumza mambo ya pensheni, akatoka.

Jumanne tuliondoka nyumbani pamoja, kwa sababu njia ni moja. Aliniuliza kama usingizi ulinipata, nikasema kidogo. Nikamuuliza kama viatu vipya vinambana, akasema vitalainika. Tulipokaribia kona ya barabara ya ofisi zetu aliniomba nitangulie peke yangu, maana watu wa pande zote mbili hupita pale, na hakutaka tuonekane tumesimama tunaongea. Alikuwa sahihi. Lingekuwa wazo langu kama ningekuwa na ujasiri wa kulisema.

Nilivuka. Upande wa pili niliinama nikajifanya nafunga kamba za kiatu, ili nimwone akiingia. Foleni ya kidirisha cha nje ilikuwa imeshajipanga hadi kwenye ngazi, wengine na vitabu vyao vya akiba mkononi, na mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Njia ya kuingilia wafanyakazi ilikuwa katikati yao. Binti yangu aliomba nafasi. Walipoiona ile kadi shingoni walimpisha haraka, mmoja akamwamkia, naye akaitika huku ameinamisha kichwa, akapita.